China: Opera ya jadi yarudi kwa vijana kupitia telefone, lakini ni nani anayeishika?

Mwezi wa nane mwaka wa 2023, mjini Hangzhou, mashariki mwa China, mchezaji wa opera Chen Lijun alimwinua mwenzake Li Yunxiao mikononi, akazunguka naye jukwaani, kisha akamtua. Ni tendo la sekunde chache. Lakini video yake ilipita kutoka telefone moja hadi nyingine. Mwezi huohuo mchezo mzima ulionyeshwa moja kwa moja kwenye Douyin, mtandao ambao ni ndugu wa TikTok tunayoijua hapa kwetu, na watu kwa mamilioni waliufuata. Wengi wao walikuwa vijana ambao hawajawahi kununua tiketi ya opera maishani mwao.

Chen Lijun ni mwanamke, na katika mchezo huo anaigiza mwanaume. Aina ya opera anayoicheza inaitwa yueju. Ilizaliwa mwaka wa 1906 katika vijiji vya Shengzhou, jimboni Zhejiang, ikahamia Shanghai, na huko ikawa mikononi mwa wanawake, hata kwa nafasi za wanaume. Tangu video ile, magazeti ya China yameandika sana juu ya "kurudi" kwa opera ya jadi.

Kurudi kwa nani? Ndilo swali ambalo sifa nyingi zinaruka. Kwa zaidi ya miaka mia mbili, mwenye madaraka ndiye aliyeamua kama opera itaimba, itanyamaza, ao itaimba kitu gani. Safari hii vijana wameingia kwa mlango ambao hakuna ofisi iliyowafungulia, na hiyo ndiyo sababu habari hii inapita mambo ya burudani.

Msomaji anayefikiri kwamba jambo hili liko mbali naye akumbuke majumba ya video ya miaka ya 1990, benchi za mbao, jenereta inanguruma nje, na Jackie Chan anaruka kutoka orofa moja hadi nyingine. Jackie Chan hakujifunza kuruka katika kambi ya karate. Akiwa mtoto wa karibu miaka saba, wazazi wake walimkabidhi kwa mwalimu Yu Jim-yuen, aliyekuwa na shule ya opera ya Beijing mjini Hong Kong, na akakaa humo miaka kumi. Sammo Hung na Yuen Biao walitoka katika shule hiyohiyo. Walifundishwa kuimba, kusimama kwa mikono muda mrefu, kupiga mateke, kugeuka hewani, na fimbo ya mwalimu haikuwa mbali. Opera ilipoanza kukosa watazamaji Hong Kong, vijana hao wakaenda kuuza miili yao kwenye filme. Kwa hiyo opera ya China ilifika kwetu zamani. Ilifika bila jina lake.

China haina opera moja. Wizara ya utamaduni ya inchi hiyo ilipofanya hesabu kuanzia mwaka wa 2015, ilipata aina 348, kila moja na lugha ya sehemu yake na namna yake ya kuimba. Opera ya Beijing ndiyo inayojulikana zaidi ugenini. Kunqu, ya upande wa Suzhou, ni ya zamani kuliko hiyo na ndiyo inayoheshimiwa na wasomi. Ile ya Guangdong ilisafiri na wahamiaji hadi Malaysia na California. Lakini kazi ya mchezaji inafanana: kuimba, kusema, kuigiza kwa mwili, na kupigana. Mtoto akiingia shuleni, walimu wanamtazama uso, sauti na umbo, kisha wanampanga. Atakuwa sheng, yaani mwanaume mwenye heshima. Ao dan, mwanamke. Ao jing, mwenye uso uliopakwa rangi. Ao chou, mchekeshaji mwenye doa jeupe puani. Kwa kawaida anabaki hapo mpaka uzee.

Uso wa jing ni kama kitambulisho. Mwekundu ni mtu mwaminifu, kama jemadari Guan Yu. Mweupe ni mjanja asiyeaminika, kama Cao Cao. Mweusi ni mtu wa haki asiyeogopa wakubwa, kama hakimu Bao Zheng. Mtazamaji wa kijijini asiyejua kusoma anafahamu ni nani ameingia kabla hajafungua kinywa.

Jukwaa nalo halina vitu. Meza moja na viti viwili vinatosha: vinakuwa baraza la mfalme, mlima, kitanda, ukuta wa mji. Mwenye mjeledi mkononi amepanda farasi. Mwenye kasia yuko ndani ya mtumbwi, na usipomwona akiyumba magoti polepole kufuata maji, basi huyo hajafundishwa vizuri. Watu wanne wenye bendera ni jeshi zima. Pembeni, mpiga ngoma ndogo ndiye anayeongoza orkestra yote, na zeze ya nyuzi mbili inamfuata mwimbaji kama kivuli.

Kuna mchezo mmoja, San Cha Kou, ambao ningependa kila anayeshuku sanaa hii auone. Wanaume wawili wanapigana usiku ndani ya chumba cha nyumba ya wageni. Hakuna taa, hawaonani. Lakini jukwaa lote linawaka mwanga mweupe. Sisi tunaona kila kitu, wao hawaoni chochote. Wanapapasa hewa, upanga unapita karibu na pua ya mwingine, mmoja anakanyaga juu ya meza ambayo mwenziwe amejificha chini yake. Mwaka wa 1935, Mjerumani Bertolt Brecht, mwandishi wa teatre aliyekuwa uhamishoni, alimwona mchezaji mkubwa Mei Lanfang mjini Moscow, na aliyoyaona yakamsaidia kueleza namna yake ya kufikiri juu ya jukwaa: mchezaji hahitaji kujifanya kwamba ukuta ni ukuta wa kweli, mtazamaji ana akili zake.

Ukweli ni kwamba sanaa yenye nguvu namna hiyo haikuachwa huru hata siku moja.

Waigizaji wa China wanaitwa mpaka leo "watoto wa Bustani ya Mipea", kwa sababu mfalme Xuanzong wa ukoo wa Tang, aliyetawala tangu 712 hadi 756, alifundisha wanamuziki wake katika bustani yenye jina hilo. Opera ya Beijing yenyewe inahesabu umri wake tangu 1790, wakati vikundi vya jimbo la Anhui vilipoanza kuja mji mkuu kwa sikukuu ya miaka 80 ya mfalme Qianlong, vikabaki, na baadaye sauti zao zikachanganyika na zile za wachezaji wa Hubei. Mama mtawala Cixi, karne moja baadaye, alikuwa na jukwaa la orofa tatu katika jumba lake la kiangazi, ili miungu ishuke kwa kamba kutoka juu na mapepo yatoke chini ya sakafu. Wachezaji walipewa zawadi za hariri. Lakini watoto wao walikatazwa kufanya mtihani wa kuingia kazi ya serikali, maana mwigizaji alihesabiwa kuwa mtu wa chini. Wanawake walifukuzwa jukwaani Beijing, ndiyo maana nafasi za wanawake zilichezwa na wanaume, na aliyewapita wote ni huyo Mei Lanfang, aliyezaliwa 1894. Wakati wa vita na Japani, alifuga masharubu ili asiweze kuwachezea wavamizi.

Opera iliweza pia kushika silaha. Mwaka wa 1854, mchezaji wa opera ya Guangdong aitwaye Li Wenmao aliongoza wenzake katika uasi dhidi ya ukoo wa Qing, wakiwa wamevaa nguo zao za jukwaani. Serikali ilijibu kwa kuchoma nyumba ya chama cha waigizaji mjini Foshan na kukataza opera hiyo kwa miaka mingi.

Hata hivyo, pigo kubwa kuliko yote lilitoka kwa watu waliosema kwamba wanaipenda sanaa ya wanainchi. Mwaka wa 1961, jukwaani Beijing ulichezwa mchezo juu ya Hai Rui, mkubwa wa serikali ya zamani ambaye aliwarudishia wakulima mashamba yao na akafukuzwa kazini. Aliyeuandika ni Wu Han, mwanahistoria na naibu wa meya wa Beijing. Aliyecheza nafasi ya Hai Rui ni Ma Lianliang, mmoja wa wakubwa wa opera ya Beijing. Mwezi wa kumi na moja 1965, gazeti moja la Shanghai lilichapisha makala ya Yao Wenyuan yenye kuushambulia mchezo huo. Kisha ikasemwa ya kwamba Hai Rui ni Peng Dehuai, waziri wa ulinzi ambaye Mao alimfukuza mwaka wa 1959. Makala hiyo ndiyo wanahistoria wanaihesabu kuwa risasi ya kwanza ya Mapinduzi ya Utamaduni. Ma Lianliang alikufa mwezi wa kumi na mbili 1966 baada ya kuteswa. Wu Han alikufa gerezani mwaka wa 1969.

Nimerudia sehemu hii mara kadhaa nikiandaa makala haya, na bado ninashangaa: inchi ya watu zaidi ya mamilioni 700 iliingia katika miaka kumi ya fujo, na kiberiti kilikuwa opera moja.

Kilichofuata ni mke wa Mao, Jiang Qing, kusafisha jukwaa. Wafalme, mizimu na wasichana wenye mapenzi waliondolewa. Zikabaki "kazi nane za mfano": opera tano za Beijing, baleti mbili na kipande kimoja cha muziki wa orkestra. Wachina wenyewe wanasema kwa uchungu kwamba watu mamilioni 800 walitazama michezo minane. Nguo za zamani zilichomwa, vikundi vikavunjwa, walimu wakatumwa kulima. Haki lazima itendeke hata kwa jambo baya: nyimbo kadhaa za michezo ile zilitungwa vizuri sana, na wazee wengi wa China bado wanaziimba bustanini asubuhi. Lakini katika kila mchezo shujaa alisimama katikati, taa juu yake, uso mwekundu wa afya, na adui alikaa pembeni gizani. Hakimu Bao hakuwa tena na kazi. Kosa halikuweza kutoka juu.

Wasomaji wetu wenye umri hawahitaji maelezo marefu hapa. Mobutu alitembelea China mwanzoni mwa 1973, akaenda pia Korea ya Kaskazini mwaka uliofuata, na miaka ile ndiyo wanafunzi na wafanyakazi wa Zaïre walisimamishwa kuimba na kucheza sifa za kiongozi na za chama chake MPR. Ile animation haikuwa opera. Lakini wazo ni lilelile: kuchukua mwili na sauti ya mwanainchi, na kumwambia cha kuimba. Na wapo kwetu wanamuziki waliojifunza kazi humo, kama vile wapo wachezaji wa China waliojifunza katika zile kazi nane. Historia ya sanaa haina mikono safi.

Baada ya 1976 michezo ya zamani ilirudishwa, watu wakajaza majumba kwa njaa ya miaka kumi, kisha televizyo ikaingia na majumba yakaanza kuwa matupu. Tangu hapo serikali imekuwa ikifanya mambo mawili kwa wakati mmoja, kusaidia na kushika. Mfano mzuri ni Mudan Ting, kunqu ya Tang Xianzu ya mwaka wa 1598, hadithi ya msichana anayekufa kwa sababu ya mpenzi aliyemwona ndotoni, kisha anafufuka. Mwaka wa 1998 kikundi cha Shanghai kilikuwa tayari kuipeleka New York ikiwa kamili, sehemu zake zote 55. Wakubwa wa utamaduni wa mji huo waliizuia, wakisema ina mambo ya kishirikina na ya aibu. Ilichezwa New York mwaka uliofuata. Miaka miwili tu baadaye, 2001, kunqu iliingia katika orodha ya kwanza ya UNESCO ya sanaa 19 za urithi wa dunia, na wakubwa wote wakawa na fahari.

Opera ya Guangdong iliingia orodhani 2009, ya Beijing 2010. Mwaka wa 2015 serikali kuu ilitoa azimio la kusaidia opera kwa feza, shule na majumba. Kabla ya hapo, 2008, wizara ya elimu ilikuwa imejaribu kufundisha opera ya Beijing mashuleni katika majimbo kumi, kwa nyimbo 15 zilizochaguliwa. Nyingi kati ya hizo zilitoka katika zile kazi za mfano za Jiang Qing. Kelele zilipigwa, na kwa haki: sanaa yenye mamia ya michezo, mtoto anaanzishwa na ile iliyowaua mabwana zake.

Sisi pia tuko katika orodha hiyo. Rumba iliingia mwezi wa kumi na mbili 2021, Kinshasa na Brazzaville pamoja, na tulisherehekea. Mfano wa China unaonyesha kwamba cheti kinaleta feza na safari za wajumbe. Watazamaji wanaletwa na kitu kingine.

Kwa upande wa kunqu, waliletwa na mzee mmoja wa vitabu. Pai Hsien-yung, mwandishi aliyekulia Taiwan na kufundisha Marekani, aliandaa upya Mudan Ting mwaka wa 2004 pamoja na wachezaji vijana wa Suzhou. Saa tisa, siku tatu. Hakuipeleka kwanza kwa wazee wenye chai na karanga. Aliizungusha katika vyuo vikuu. Alifikiri kwamba hadithi ya msichana wa miaka 16 ichezwe na watu wanaokaribia umri huo, mbele ya watu wa umri huo. Wanafunzi walijaa.

Kwa upande wa yueju, waliletwa na jumba dogo la Hangzhou ambamo watazamaji wanaketi ndani ya mchezo wenyewe, karibu na panga, na hadithi iliyochukuliwa kutoka filme ya mapigano ya Hong Kong ya mwaka wa 1992. Mama aliyesimamia kazi hiyo, Mao Weitao, alikuwa kwa miaka mingi nyota wa kikundi cha Xiaobaihua, naye pia mwanamke wa nafasi za wanaume. Wazee fulani walilalamika kwamba hiyo si yueju tena. Huenda. Lakini Mao Weitao na wenzake waliwaamini vijana kuliko wizara ilivyowaamini.

Hapa uchambuzi lazima uwe mwangalifu, maana Xiaobaihua ni kikundi cha serikali ya jimbo. Mshahara unatoka huko. Aliyefungua mlango na anayeushika funguo wako nyumba moja.

Kuna jambo lingine ambalo ninaliona kuwa kiini. Mwezi wa tisa 2021, wasimamizi wa radio na televizyo ya China walikataza vipindi kuonyesha vijana wa kiume wenye sura na mwenendo wanaouita wa kike. Miaka miwili baadaye, msichana aliyevaa nguo za mwanaume na kumbeba msichana mwenzake anasifiwa katika vyombo vya habari vya serikali. Kwa nini? Kwa sababu ni jadi. Kwa maoni yangu, vijana wa China wamegundua kwamba ndani ya opera kuna nafasi ya kupumua ambayo kwingine imefungwa, na neno "urithi" ndilo linalowalinda. Nafasi hiyo itadumu mpaka siku mkubwa mmoja atakapotazama vizuri zaidi.

Bwana mwingine ni telefone yenyewe. Vikundi vingi sasa vinacheza mbele ya kamera na kupokea zawadi za watazamaji kwenye mtandao. Mwimbaji anajua ni sekunde zipi zinazoleta zawadi, na mwisho wake anaweza kusahau zile saa nyingine mbili.

Kuna pia opera ambayo haikungojea wizara wala Douyin. Katika vijiji vya Fujian, kusini, wakaaji wanachanga feza kwa siku ya mungu wa hekalu lao na kuita kikundi cha watu binafsi. Mchezo unaanza hata kama benchi ni tupu, kwa sababu mtazamaji wa kwanza ni mungu. Mahekalu yalipofungwa miaka ya 1960, opera hiyo ilinyamaza. Yalipofunguliwa tena, ilirudi mara moja, pamoja na ngoma zake na wauza chakula wake.

Mjini Kinshasa, karibu na Palais du Peuple, kuna kituo kikubwa cha utamaduni cha Afrika ya Kati ambacho China ilitujengea na ambacho kilizinduliwa mwezi wa kumi na mbili 2024. Kama siku moja kikundi cha opera kitaletwa humo, kwa kawaida ya safari hizi tutapewa tumbili Sun Wukong na mapigano ya San Cha Kou, kwa vile hayahitaji lugha. Tutapiga makofi, na yanastahili makofi.

Mimi ningeomba wachezaji hao watuletee Dou E, ya Guan Hanqing, mwandishi wa wakati wa Wamongoli. Mjane kijana anasingiziwa kuua. Hakimu aliyezoea kula rushwa anaamuru apigwe. Anavumilia, lakini anapoona mama mkwe wake naye atapigwa, anakubali kosa ambalo hakulifanya. Mbele ya upanga anasema kwamba kama hana hatia, teluji itaanguka katikati ya kiangazi, na inaanguka. Miaka mitatu baadaye baba yake anafika kama mkaguzi wa mahakama, na usiku, mbele ya faili lake, taa inaanza kucheza. Mchezo huo una zaidi ya miaka 700, na bado unachezwa.